Mwanafunzi Bora wa Gereza la Karibuni

Jamhuri ya Shwari ukiitafuta kwenye ramani hutaiona. Si kwamba haipo. Ipo, tena ina bendera, wimbo wa taifa na makamu wa rais watatu, ila ramani zake zote zimefungiwa ofisini kwa Waziri wa Ramani, na Waziri mwenyewe yuko semina. Ukitaka kufika huko, wewe safiri tu. Siku utakayouliza choo kiko wapi ukajibiwa kwamba suala hilo linashughulikiwa, ujue umeshaingia.

Watu wa huko wamekuzwa kwa sheria kuliko kwa uji. Si kwamba sheria ni tamu, ila uji ulikuwa unaisha.

Nje kidogo ya mji mkuu kulikuwa na gereza linaitwa Karibuni. Jina lilichorwa langoni kwa rangi ya bluu, na chini yake, kwa herufi ndogo, "Kutoka ni kwa utaratibu." Lilijengwa kwa ajili ya watu mia mbili, likawa na watu elfu moja na mia moja, na kila mwaka lilipewa tuzo ya taasisi ya umma inayopendwa zaidi, maana hapakuwa na taasisi nyingine ambayo wananchi walikaa nayo muda mrefu hivyo bila kuikimbia.

Humo ndani alikuwamo mzee mmoja, Makwega, fundi wa kusuka vitanda vya kamba. Hakuwa mfungwa. Alikuwa mahabusu, yaani mtu ambaye kesi yake haijasikilizwa, kwa hiyo haijulikani kama ana kosa, kwa hiyo hawezi kuachiwa mpaka ijulikane. Makwega alikuwa hajulikani kwa mwaka wa sita.

Mambo yalianza hivi. Mkuu wa Wilaya yake alilala kwenye nyumba ya wageni ya Serikali, juu ya kitanda alichokisuka Makwega. Mkuu huyo alikuwa mzito kwa cheo na kwa kilo. Kamba zikalegea. Asubuhi walimkuta kakunjika katikati kama barua ya posa, kichwa juu, miguu juu, na sehemu ya kati imetulia sakafuni. Makwega akashtakiwa kwa kuishusha mamlaka ya Serikali sentimita arobaini.

Kesi haikusogea, kwa sababu kielelezo kilikuwa ni hicho kitanda, na mtunza vielelezo alikuwa amekichukua nyumbani kwake akikilalia, eti kisije kikaibwa. Kila kesi ilipotajwa, karani alisimama akasema kielelezo hakiwezi kuletwa leo kwa kuwa kina mgonjwa. Hakimu alitoa pole, akapanga tarehe nyingine.

*

Sasa aingie Hidaya Mkumbukwa.

Hidaya alikuwa mwaka wa tatu wa sheria chuo kikuu, na tangu chekechea hajawahi kuwa wa pili. Darasa la nne alipata tisini na nane, akalia mpaka mwalimu akamwongezea mbili ili darasa lipate kusikilizana. Wenzake chuoni walimwita Asilimia, naye alidhani wanamsifu.

Msichana huyu na wenzake wanne waliunda klabu ya kwenda gerezani kufundisha watu kusoma na kuwasemea mahakamani. Hawakulipwa na mtu. Jambo hilo peke yake liliwatia wakubwa wasiwasi, ikabidi wachunguzwe miezi minne kujulikana nani anawatuma wasilipwe. Mwishowe wakapokelewa na Mkuu wa Gereza, Afande Kidyulu, mtu mwenye tumbo la heshima na sauti ya kipaza sauti hata asiposhika kipaza sauti.

Afande Kidyulu aliwahutubia wanachuo watano kama uwanja uliojaa. Akawaambia wasidhani wanakuja kuleta elimu mahali pasipo na elimu. "Ninyi huko chuoni mnawabembeleza watu wahudhurie," akasema. "Mimi hapa tangu nianze kazi sijapata mtoro hata mmoja, ukiwatoa wale wanne."

Wakapewa banda la kukaushia mboga. Ubao ulikuwa mlango wa selo uliong'oka bawaba, ukapakwa rangi nyeusi. Chande, kijana aliyekamatwa kwa kuchomoa simu mifukoni mwa watu, akasema huo ndio mlango wa kwanza humu ndani kumpeleka mtu mahali.

Makwega alikuja siku ya kwanza, akakaa mbele, magoti pamoja, mikono juu ya magoti. Hidaya alipowauliza mmoja mmoja anataka elimu ya nini, walijibu yale anayopenda kusikia mgeni: kujenga taifa, kupambana na ujinga. Makwega alisema anataka kuandika jina lake. Halafu darasa lilipotawanyika akabaki nyuma.

"Mke wangu anasahau, mwalimu," akasema. Mzee wa miaka sitini na saba alimwita mwalimu binti wa ishirini na mbili, wala haikumtatiza.

Akaeleza. Mkewe, Bi Nyamizi, alianza kwa kusahau chumvi kwenye mboga. Wakacheka. Akasahau majina ya majirani, kisha njia ya kisimani, kisha jina la mtoto wao aliyefariki, na hapo hakucheka mtu. Kila Jumapili binti yao, Kabula, humleta gerezani, wakaonana dakika kumi kupitia wavu wa waya.

"Anasahau kwa mpangilio," Makwega akasema. "Anaanzia mbali, anakuja karibu. Bado ananijua. Lakini Jumapili hii alinitazama kidogo kwanza. Nataka niwe nimefika nyumbani kabla hajanifikia mimi."

Hidaya hakulia. Watu wa asilimia mia hawalii, hutafuta kifungu. Alirudi bwenini akafungua vitabu vya sheria.

*

Kifungu kilipatikana. Hidaya aligundua kwamba mtunza vielelezo amestaafu na ameondoka na kitanda kijijini kwao, ambako mchwa wamekila miguu yote minne. Hakuna kielelezo, hakuna kesi. Aliandika maombi ya kurasa tatu, safi kabisa, hayana hata koma ya kulaumiwa.

Angeishia hapo, hadithi hii ingekuwa fupi na sote tungelala vizuri. Lakini Hidaya aliona kurasa tatu ni chache. Akaambatanisha daftari la mahudhurio ya Makwega, kurasa arobaini na moja, pamoja na majaribio yake yote ya kuandika, yenye vyema vya kalamu nyekundu, ili mahakama ione jinsi mtu huyu alivyo mwema.

Hakimu Mbonde alisoma zile kurasa tatu, akavua miwani. Akasema kumweka ndani mtu miaka sita kwa kitanda kilicholiwa na mchwa ni jambo la kusikitisha, na kwamba yeye binafsi, kwa zile tarehe sabini na mbili alizozipanga mwenyewe, amesikitika sana. Akamwachia huru kuanzia saa ile.

Makwega alipiga hatua moja. Nyuma Kabula alishaanza kuokota kanga yake.

Karani akamnong'oneza hakimu, akimwonyesha kiambatanisho. Hakimu akavaa miwani tena.

"Huyu ni mwanafunzi?"

"Ndiyo, mheshimiwa," Hidaya akajibu, kifua mbele. "Tena hodari."

"Wa darasa la ngapi?"

"La kwanza."

Hakimu akaegemea kiti, akashusha pumzi ndefu. Ilikuwako Shwari sheria moja nzuri sana, Sheria ya Kutomkatisha Mwanafunzi Masomo. Ilipitishwa siku Rais alipoambiwa kwamba kuna watoto wanatolewa shule kwenda kupalilia mashamba ya mawaziri. Mawaziri waliipigia kura wote, kisha wakawatafuta watoto ambao hawajaanza shule. Sheria ilisema mtu yeyote, wa cheo chochote, atakayemwondoa mwanafunzi katika shule yake kabla hajamaliza darasa la saba, atakwenda jela miaka kumi.

"Shule yake iko wapi?" hakimu akauliza, ingawa jibu lilikuwa limepigwa mhuri kwenye kurasa zote arobaini na moja. "Binti yangu, unataka mimi nifungwe kwa kumfungua huyu?"

Hidaya alisema daftari aliondoe, alilileta tu kama nyongeza, mahakama isilisome. Hakimu akamwambia kwa upole kwamba mahakama imeshasoma, na mahakama ya Shwari haina utaratibu wa kutojua ilichokijua. Imechukua miaka mingi kujifunza kujua.

Basi Makwega akarudi Karibuni akiwa mtu huru kabisa. Pingu hakufungwa, maana mwanafunzi hafungwi pingu. Akavuliwa nguo za mahabusu, akavalishwa sare ya shule ya msingi kama sheria inavyotaka: shati jeupe, kaptula ya bluu na soksi ndefu.

Jumapili ile Bi Nyamizi alimwona ndani ya kaptula akacheka mpaka akajishika mbavu. Akamwambia miguu yako bado ni ileile ya ubishi, Makwega. Naye Makwega akacheka. Hidaya, aliyekuwa amesimama pembeni akitafuta maneno ya kuomba radhi, aliyameza. Alipiga hesabu kichwani. Darasa la kwanza mpaka la saba ni miaka saba.

*

Wanachuo hawakukaa kimya. Kwanza walijaribu uhamisho. Sheria iliruhusu mwanafunzi kuhamia shule ya karibu na kwao, na karibu na kwa Makwega palikuwa na shule ya msingi nzuri, ina hata madirisha. Mwalimu mkuu alitaka vitu vitatu: cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo ya surua, na mzazi aje asaini. Makwega akasema mama yake yupo, amezikwa nyuma ya nyumba, mwalimu mkuu akipenda atembee. Yakaja majibu kwa maandishi kwamba shule imepokea taarifa ya msiba huo kwa masikitiko na inamsubiri mzazi mwingine.

Kisha wakajaribu kumfukuzisha shule. Kifungu kilisema mwanafunzi atakayemtukana mkuu wa shule hadharani atafukuzwa mara moja. Chande alimfundisha Makwega matusi wiki nzima, mengine mpaka Hidaya akatoka nje ya banda. Siku ikafika, wote wamepangwa mstarini, Afande Kidyulu yuko mbele. Makwega akanyoosha mkono, akaruhusiwa, akasimama ndani ya kaptula yake akasema:

"Afande, wewe huna adabu. Samahani."

Lile samahani lilimgusa Afande Kidyulu mahali ambapo hapakuwa pameguswa tangu alipoajiriwa. Alisema katika miaka ishirini na sita ya utumishi hajawahi kuambiwa ukweli kwa heshima namna ile, na papo hapo akamteua Makwega kuwa kiranja.

Ikabaki njia moja. Hidaya aliikuta kwenye kifungu cha kumi na tisa, chini kabisa, panapoandikwa mambo ambayo hawataki uyaone: mwanafunzi mwenye umri mkubwa anaweza kuufanya mtihani wa darasa la saba wakati wowote akijiona yuko tayari. Mtihani ulikuwa umebakiza miezi kumi. Miaka saba kwa miezi kumi.

"Tutaweza?" Makwega akauliza.

"Tutaweza," akasema Hidaya, ambaye hakuwa amewahi kujibu swali hilo vingine.

*

Makwega alisoma kama anavyosuka. Herufi kwake zilikuwa kamba. Ile a aliiona ni kitanzi chenye mkia, m ni kamba imepita juu ya mti mara mbili, na k, akasema, huyo ni fundi mvivu, ameacha ncha mbili zinaning'inia. Sehemu alizijua kabla hajafundishwa, maana hakuna anayesuka kitanda bila kugawa upana kwa nusu, robo na thuluthi. Mwezi wa tatu alisoma gazeti la Serikali mwanzo mpaka mwisho, akauliza kama kuna jingine lenye habari.

Jumapili Hidaya alianza kwenda naye pale kwenye wavu. Hakuna aliyemtaka aende. Alikwenda kama mtu anayetazama saa.

Mwezi wa nne Bi Nyamizi alimwita mumewe kwa jina lake. Wa tano alimwita kwa jina la kaka yake aliyekufa, akamuuliza habari za safari, naye Makwega akajibu safari njema. Wa sita alimjua alipofika, akamsahau kabla dakika kumi hazijaisha, akamgeukia Kabula kuuliza wanamsubiri nani. Wa nane ikawa kinyume, alimjua dakika mbili za mwisho tu. Makwega alirudi darasani akasema hizo mbili zilikuwa nzuri sana, akafungua daftari.

Siku moja Hidaya alimkuta ameandika kipande cha karatasi: Mimi ni Makwega, mume wako. Alitaka Bi Nyamizi awe nacho nyumbani, akishtuka akitazame. Hidaya alilisifu lile k lililokaa sawa. Halafu wote wawili wakakumbuka kwa pamoja kwamba Bi Nyamizi hajui kusoma. Makwega akaikunja karatasi, akasema si neno, Kabula atakuwa anamsomea.

Siku ya mwisho kabla ya mtihani, banda limebaki na watu wawili, Makwega alifuta ubao akasimama na kitambaa mkononi.

"Mwalimu, ya kufaulu ni ngapi?"

"Arobaini."

"Basi nikipata arobaini na mbili, arobaini na tatu hivi, si nimemaliza shule? Si natoka?"

Hidaya alicheka. Hakucheka kwa ubaya. Alicheka kama mpishi aliyeulizwa kama wali unaweza kuliwa mbichi. Katika maisha yake yote hakuwahi kumsikia mtu anapanga kupata arobaini na tatu.

"Babu, unazijua zote. Kwa nini uandike nusu? Andika zote."

"Zote?"

"Zote. Usiniangushe."

Makwega alifikiri kidogo. "Sawa, mwalimu," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Sasa, nje ya ofisi ya Afande Kidyulu palikuwa na ubao wa matangazo, na kwenye ubao palibandikwa waraka wa Wizara. Hidaya aliupita mara mbili kwa siku kwa miezi kumi. Hakuusoma. Kichwa cha waraka kiliandikwa Maelekezo kwa Watakaopata Alama za Wastani, na yeye hakuwahi kusoma kitu kilichoandikiwa watu wa wastani.

*

Matokeo yalitoka. Makwega alipata mia. Hakuwa wa kwanza gerezani tu, alikuwa wa kwanza nchi nzima. Mtoto wa waziri mmoja, aliyesomeshwa na walimu wanane na kuonyeshwa mtihani siku tatu kabla, alishika nafasi ya pili.

Chande, aliyefanya naye mtihani, alipata arobaini na moja. Waraka uliagiza kwamba wenye alama za wastani, wakiwa wamemaliza shule na hawana sifa ya kuendelea, warudi kwa familia zao siku hiyohiyo. Kesi yake ilikuwa imefutwa kitambo, na kama Makwega alikuwa anangoja masomo tu. Chande alitoka saa nne asubuhi, ndala mkononi ili akimbie vizuri, na hakugeuka nyuma hata kuaga.

Hidaya alimwona akipita lango. Ndipo akaenda kwenye ule ubao akausoma waraka wote, mstari kwa mstari, mpaka pale ulipoandikwa kwamba watakaovuka themanini ni hazina ya taifa, na hazina haiachwi ovyo.

Sherehe ikaandaliwa uwanjani. Yakaja maturubai, tarumbeta na Waziri wa Elimu na Kufuli. Zamani zilikuwa wizara mbili, zikaunganishwa kwa kuwa zilikuwa zinahudumia watu walewale. Bi Nyamizi aliletwa na Kabula, amevaa kanga mpya, akaketishwa mstari wa mbele karibu na Hidaya. Kabula alikuwa amemweleza tangu jana yake kwamba wanakwenda kumchukua mzee. Neno hilo lilikuwa limemkaa. Kila baada ya muda alikuwa akilisema peke yake: tunakuja kumchukua mzee.

Waziri akahutubia.

"Zamani mzazi aliuza ng'ombe ili mtoto asome," akasema. "Leo Serikali yenu inamkamata mwananchi yenyewe, inamlaza yenyewe, inamlisha yenyewe, inamsomesha yenyewe. Nani mwingine angekufanyieni hivi?"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa swali lenyewe halikuwa na sehemu ya kujibu. Waziri akatangaza kwamba kwa heshima ya Makwega, Serikali leo inafungua Shule ya Sekondari ya Karibuni, miaka minne, ndani ya ukuta huohuo. Shule ina mkuu wa shule, makamu, wahasibu wawili, dereva na mwanafunzi mmoja.

Hidaya alisimama. Akasema kwa sauti ambayo haikufika mbali kwamba mtu huyu aliachiwa huru na mahakama, mheshimiwa, aliachiwa huru mwaka jana.

"Ni huru," Waziri akasema, ameshangaa kweli. "Nani kasema si huru? Ni mwanafunzi huru wa bweni."

Afande Kidyulu akaongoza makofi.

Makwega aliitwa mbele kuchukua cheti. Alipopita karibu na Hidaya aliona macho yake, akasimama, akainama kidogo ili wengine wasisikie.

"Nilipata zote, mwalimu," akasema, akidhani labda hakuambiwa.

Hidaya alitaka kusema nisamehe. Badala yake akamnyooshea kola ya shati.

Kisha mzee akapewa kipaza sauti asome risala yake. Aliifungua karatasi, akaisoma polepole, kidole kinafuata mstari, bila kukosea hata neno. Alisema yeye anaitwa Makwega. Alisema anasuka vitanda. Alisema mke wake anaitwa Nyamizi, na kwamba amejifunza kuandika ili mkewe asimpoteze. Hapo akainua macho, akamtazama kule mstari wa mbele.

Bi Nyamizi alikuwa anapiga makofi kuliko wote. Macho yalimng'aa. Akamwinamia Hidaya.

"Mzee anasoma vizuri, yule."

"Anasoma vizuri, bibi."

"Ana mke?"

Hidaya akatazama chini. "Anaye."

"Ana bahati huyo mama, kupata mume msomi." Akakunja ncha ya kanga yake mpya, akainyoosha. "Mimi wangu hajui hata a. Tungekuwa naye hapa angesinzia zamani."

Kabula aliinuka akaenda kusimama nyuma ya turubai.

Waziri, kwa moyo wa huruma, aliamuru hazina ya taifa ipewe dakika kumi na familia yake, bila wavu. Makwega akaja. Alikuwa amesikia, au labda aliona tu namna mkewe alivyomtazama, kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni wa maana. Hakumwambia mimi ndiye. Aliketi kwenye kiti cha Kabula, magoti pamoja, mikono juu ya magoti.

Hidaya alijua angepaswa kuondoka. Hakuweza.

"Shikamoo, msomi," Bi Nyamizi akasema.

"Usiniamkie hivyo, mama. Tu rika moja sisi."

"Hongera lakini."

"Asante. Umekuja kumwona nani?"

"Mume wangu. Anatoka leo." Akatazama kuelekea majengo. "Nimeambiwa anatoka leo, lakini simwoni."

Makwega naye akatazama kuelekea majengo. "Ni mtu wa namna gani?" akauliza. "Labda namjua."

Bi Nyamizi akacheka kidogo, kama msichana aliyeulizwa jambo lake. Akasema ni mtu mwembamba, mbishi, anasuka vitanda. Akisuka anaimba vibaya. Chumvi ikizidi anakula hivyohivyo, anasema leo imekaa sawa. Alisema mambo mengi, yote kwa mpangilio, hakupoteza hata moja, na Makwega alisikiliza bila kumkatiza, kichwa kimeinama, kama mtu anayesomewa barua.

Filimbi ikalia. Askari akaja akasimama pembeni yake, maana kipindi cha kwanza cha sekondari kilikuwa kinaanza.

Bi Nyamizi akamshika mkono wa shati.

"Ukimwona huko ndani," akasema, "mwambie nipo hapa. Mwambie asichelewe, mimi siku hizi nasahau."

"Nitamwambia," akasema Makwega.